Kokwa la Embe Halitoi Ahadi

Msimu wa maembe unapofika, matenga ya dodo, bolibo na sindano hushushwa katika Soko la Kariakoo, na makokwa hutapakaa katika mitaa ya jirani. Mkazi wa Ilala aliyekula dodo tamu huchagua kokwa moja, akalifukia uani kwake, akangoja. Baada ya miaka sita au zaidi mti huzaa, na aghalabu matunda yake huwa madogo, yenye nyuzi nyingi na utamu haba. Hapo lawama huanza. Wengine huilaumu ardhi, wengine humlaumu mchuuzi, na wapo wanaodhani kwamba mti umefanyiwa husuda.

Lawama hizo hazina msingi. Kosa limo katika dhana kwamba mbegu ni nakala ya mama yake. Nyama ya embe ni sehemu ya mti mama, lakini kiinitete kilichomo ndani ya kokwa kwa kawaida kina wazazi wawili. Nzi na wadudu wengine huichukua chavua kutoka mwembe hadi mwembe. Mama anajulikana, baba hajulikani. Isitoshe, mwembe wenyewe ni chotara wa vizazi vingi, na sifa zilizojificha ndani yake hugawanywa upya kila mbegu inapoumbika. Kwa hiyo makokwa kumi ya mti mmoja yaweza kutoa miembe kumi isiyofanana, kama watoto wa tumbo moja.

Jambo hili haliwashangazi wakuzaji wa maua ya okidi. Chotara wa kwanza wa okidi aliyepatikana kwa chavua iliyohamishwa kwa mkono alichanua Uingereza mwaka 1856. Tangu wakati huo kazi yao ni ileile: tunda moja la okidi hutoa maelfu ya mbegu; mkuzaji huotesha miche mingi, hungoja miaka hadi ichanue, kisha huhifadhi michache iliyo bora. Tofauti baina ya miche si hasara kwake, bali ndiyo mali anayoitafuta.

Embe nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1902 Kapteni John Haden alipanda huko Florida, Marekani, mbegu za Mulgoba, aina ya embe iliyotoka India. Mmoja wa miche hiyo ulizaa mwaka 1910, baada ya yeye kufariki, matunda mekundu na makubwa yaliyopewa jina lake. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba baba wa Haden ni Turpentine, embe dogo lenye nyuzi nyingi. Kutokana na mbegu ya Haden ikapatikana Tommy Atkins, ambayo leo huuzwa katika nchi nyingi.

Hapana budi basi kutenganisha kazi mbili. Anayetaka dodo na anunue mche uliobebeshwa, kwa maana kikonyo cha mti mama hakibadili tabia. Anayetaka aina mpya na apande makokwa, tena mengi, akijua kwamba mengi yatamvunja moyo. Kupanda kokwa moja na kudai dodo ni kuomba kazi ya kwanza kwa njia ya pili.

Shule za sekondari zina wajibu hapa. Mwanafunzi hukariri uwiano wa tatu kwa moja wa njegere za Mendel, akapata alama zake, kisha akarudi nyumbani kufukia kokwa kwa matumaini yaleyale ya jirani yake. Elimu hiyo haijamfikia. Mwalimu na aokote makokwa ishirini ya aina moja, ayaoteshe katika makopo, na wanafunzi wapime urefu wa miche na rangi ya majani machanga. Wahesabu pia chipukizi: kuna aina ambazo kokwa moja hutoa chipukizi kadhaa, na nyingi kati ya hizo hutokana na tishu za mama peke yake, zikafanana naye. Miche michache ipandwe kiwanjani, na kumbukumbu ziandikwe.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakayeipanda yaelekea atakuwa ameondoka shuleni kabla haijazaa. Kwa sababu hiyo daftari litunzwe vizuri kama mti wenyewe.