'Dunia Mbaya' ilitamba bila chati

Mwanamuziki Princess Jully alipofariki Oktoba 2024 katika Kaunti ya Migori, tanzia zilimkumbuka kwanza kwa wimbo mmoja, 'Dunia Mbaya'. 

Uingereza imekuwa ikichapisha orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi tangu 1952. Kenya ya miaka ya 1990 haikuwa na chati rasmi ya aina hiyo. Wimbo wa benga ulipimwa kwa masikio: redioni, ndani ya matatu, katika baa za kuanzia Homa Bay hadi Isebania mpakani. Kwa kipimo hicho, 'Dunia Mbaya' ulifika mbali kuliko benga nyingi za eneo hilo, na bila shaka jina lake la Kiswahili liliufungulia milango nje ya Nyanza.

Ulizungumzia UKIMWI. Princess Jully alikuwa ameshika usukani wa bendi ya Jolly Boys baada ya mumewe, Prince Jully, kuaga dunia 1997. Serikali ilitangaza ugonjwa huo janga la kitaifa Novemba 1999, wakati ambapo katika matanga mengi ya Waluo kifo cha aina hiyo bado kilihusishwa na chira, laana ya kuvunja miiko. Hata baada ya dawa za kupunguza makali kuanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma 2006, mzigo haukuisha: utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi na asilimia 13 Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9.

Kwa hivyo wengi wa waliousakata wimbo huo walikuwa wametoka kuzika, au walikuwa wakielekea kuzika. Chati gani ingepima hilo?

Hata hivyo, kukosa hesabu kuna gharama yake, na mwenye kuilipa ni msanii. Kanda za kaseti za enzi hizo zilinakiliwa ovyo na maharamia, tena zikauzwa hadharani sokoni. Leo YouTube huhesabu kila anayetazama, lakini haiwezi kurudi nyuma kuhesabu kaseti za 1998. Wajane na watoto wa wanabenga wa kizazi hicho wanaodai mirabaha wana nyimbo zinazojulikana na kila mtu, ila hawana takwimu za kuweka mezani.