Pumzi ya Aliyetangulia

"Vuta, vuta, jaza kifua! Haya puliza! Puliza, puliza, usiache, bado, bado, bado…" Anayepita koridoni bila kujua kinachoendelea atadhani ndani kuna pambano la ngumi. Kumbe ni mama wa makamo, pua imebanwa kwa kibanio, midomo imekazwa kwenye bomba la spirometa, mashine ya kupimia mapafu, macho yamemtoka. Akimaliza anakohoa kwa nguvu. "Umejitahidi mama, bado mara mbili." Kipimo hiki kinadai mapulizo yasiyopungua matatu yanayokubalika, na kwa mtu mzima yanaweza kufika manane. Nje, kwenye benchi, wengine wanasubiri zamu. Kila mmoja wao ataingia chumba kilekile, ashike kifaa kilekile, avute hewa ileile. Atakuta nini cha aliyetangulia?

Kabla ya Korona swali hili halikumkosesha mtu usingizi. Kipande cha mdomoni kilibadilishwa, meza ikafutwa, akaitwa mwingine. Mwongozo wa mwaka 2005 wa vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya, unaofuatwa karibu dunia nzima, haukulazimisha kuweka kichujio, yaani filta, kati ya mgonjwa na mashine. Mwongozo mpya ulitoka Oktoba 2019, na kabla wino haujakauka, dunia ikafungwa. Machi 2020 vyama vile vile vikashauri kipimo kifanywe tu kwa mgonjwa ambaye matibabu yake hayawezi kusubiri. Mashine zikafunikwa vitambaa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Dharura iliondoka, masharti yake yakabaki, na sasa kuna pande mbili zinazovutana. Upande mmoja unasema kila mgonjwa apate filta yake mpya, chumba kipumzishwe kati ya mgonjwa na mgonjwa, mpimaji avae kama anayeingia wodi ya wagonjwa wa Korona. Upande wa pili unasema hayo ni ya nchi tajiri: tukiyafuata yote, kipimo ambacho tayari ni adimu hapa kwetu kitabaki cha wenye bima nzuri.

Mimi nadhani pande zote mbili zinaangalia mashine, na tatizo kubwa liko hewani.

Tukumbuke tulivyopambana na Korona: ndoo za maji tiririka kila mlango, sanitaiza, na klorini iliyonyunyizwa hadi kwenye magurudumu ya daladala. Tulisafisha kila kinachoshikika. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba kwa kawaida uwezekano wa kuambukizwa Korona kwa kugusa sehemu yenye kirusi ni chini ya mara 1 katika 10,000. Sisemi tuache kunawa. Mikono michafu ina magonjwa yake mengi. Ila usafi wa kuonekana ulitufanya tuusahau ule usioonekana. Mpimaji anayefuta kiti kwa dawa mara tatu huku madirisha yamefungwa na kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ileile tangu asubuhi, ametimiza sharti la ukaguzi. Mgonjwa anayefuata hajasaidika sana.

Na kwetu Korona si mgeni wa kwanza wa njia ya hewa. Tanzania na Kenya zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu (TB). Kwamba TB husafiri hewani lilithibitishwa zamani. Huko Baltimore, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Riley na wenzake waliipeleka hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB kwenye vizimba vya simbilisi. Simbilisi hawakumgusa mgonjwa yeyote. Waliivuta tu hewa yake, na baadhi yao wakaambukizwa.

Sasa angalia wanaotumwa kupima mapafu: aliyemaliza dawa za TB lakini bado anahema akipanda ngazi, mchimbaji wa Mererani aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka, bibi aliyepika kwa kuni maisha yake yote, kijana mwenye pumu. Wote wanakohoa, na mmoja wao anaweza kuwa na TB ambayo haijagunduliwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya usafi katika kipimo hiki ni swali la mapokezi, na halina bei: "Umekohoa kwa muda gani?" Anayejibu wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwanza, spirometa isubiri majibu. Na mgonjwa anayeshukiwa lakini lazima apimwe, apangwe wa mwisho jioni.

Hatua ya pili ni dirisha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa kutoka hospitali za Lima, Peru. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa yote mara 28 kwa saa, ukichukua kiwango cha katikati, ilhali kiwango kilichopendekezwa kwa vyumba vyenye mitambo maalumu ya hewa ni mara 12. Vilivyoongoza vilikuwa vyumba vya majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha mapana. Hospitali za namna hiyo tunazo pwani na bara, na baadhi tumezifanyia ukarabati kwa kushusha dari, kuweka vioo visivyofunguka na kuning'iniza viyoyozi. Tumelipia kupunguza hewa!

Hesabu yake si ngumu. Chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa huondoa asilimia 99 ya chembe zinazoelea kwa dakika 23. Kikibadilisha mara 6, ni dakika 46. Kikibadilisha mara 2 tu, inapita saa mbili. Kwa hiyo anayeuliza "tusubiri dakika ngapi kati ya mgonjwa na mgonjwa" anauliza nusu ya swali.

Ndipo tunafika kwenye filta, na hapa mambo hayajanyooka. Utafiti wa Uingereza uitwao AERATOR, uliohesabu chembe zinazotoka wakati wa vipimo hivi, ulionyesha kwamba filta huzipunguza sana, na kwamba kukohoa kunatoa chembe nyingi. Filta inaizuia pumzi inayopita kwenye bomba. Kikohozi kinachofuata, bomba likishatoka mdomoni, haikizuii.

Zipo hospitali zinazokwepa gharama kwa kutumia kipande cha mdomoni chenye vali ya njia moja: mgonjwa anapuliza, hawezi kuvuta kutoka kwenye mashine. Ni akili nzuri, na kwa mashine za zamani ilitosha. Lakini mwongozo wa 2019 unataka mgonjwa akishapuliza mpaka mwisho avute tena kwa nguvu akiwa bado kwenye bomba, ili ijulikane kama kweli alijaza kifua tangu mwanzo. Vali inaziba njia hiyo. Anayetaka kipimo kamili hana budi kununua filta.

Basi filta iwepo, mpya kwa kila mgonjwa, na bei yake iingizwe ndani ya bei ya kipimo na ndani ya kitita cha bima, isiwe karatasi ya pembeni inayompeleka mgonjwa duka la dawa kununua kifaa asichokijua. Mashine nayo ihakikiwe kila siku kwa bomba la kusukumia hewa la lita 3 filta ikiwa imefungwa, maana inaongeza ukinzani. Filta iliyotumika ikikaushwa juani na kurudishwa kazini, heri isingekuwepo: imekuwa hifadhi ya makohozi yenye sura ya usalama.

Kwa wenye pumu kuna njia nyepesi. Kile kibomba cha plastiki cha kupimia kasi ya pumzi hakihitaji umeme wala chumba, na mtu anaweza kumiliki chake akakitunza nyumbani. Kimoja kupita midomoni mwa kliniki nzima ni jambo la kukataza leo, bila kusubiri bajeti.

Kuacha kupima hakuwezi kuitwa usalama. Asiyepimwa hupewa dawa ya pumu kwa ugonjwa usio pumu, au hurudishiwa dozi ya TB aliyokwisha kupona. Madhara hayo hayaonekani kwenye ripoti ya maambukizi, lakini yapo.

Nawe ukiitwa ndani, kabla hujabana pua, muulize mpimaji mambo mawili: filta hii imefunguliwa sasa hivi? Na dirisha hili, limekuwa wazi tangu saa ngapi?