Daftari la Wiki: Ndoo ya Msumbiji Section 58

Jumamosi asubuhi kikundi cha wanafunzi wa sekondari, wamevaa sare ingawa si siku ya masomo, kilikuwa kikizunguka mitaani hapa Section 58, Nakuru, na ndoo ya rangi iliyotobolewa kifuniko. Walikuwa wakiwachangia watu wa Msumbiji waliohamishwa na mafuriko. Mbele ya duka, mzee mmoja alimsimamisha msichana aliyebeba ndoo.

"Na Mai Mahiu je? Hao si watu?"

"Mai Mahiu tulipeleka blanketi, mzee. Sasa tunawachangia hawa."

Mzee hakutoa kitu, na simlaumu. Swali lake ni zito. Kaunti yetu ya Nakuru inajua vizuri maji yanavyoua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, wakafa watu wasiopungua 47. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa kishindo yakakifagia kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, na makumi ya watu wakafa kabla hakujakucha. Hata hivyo sikubali kwamba shilingi iliyokwenda Msumbiji imeporwa kwa jirani. Kilichowaumiza zaidi watu wa Solai baada ya msiba ni kesi iliyojikokota mahakamani mwaka baada ya mwaka. Ukarimu wa watoto wa shule haukuwanyima haki.

* * *

Wenye umri wangu hapa mjini wanakumbuka mwanzo wa 2008. Maelfu ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi walilala Showground, wengine Afraha, uwanja wa mpira ukageuka makazi. Waliohudumu walikuwa vijana wa Msalaba Mwekundu, wengi wao wakazi wa humu humu. Lakini mahema, turubai na sehemu kubwa ya chakula vililipiwa na watu wa mbali, ambao hawangeweza kuionyesha Nakuru kwenye ramani. Hakuna aliyewaambia wamalize kwanza shida za kwao. Wangeambiwa hivyo na wakatii, watoto waliokuwa kwenye mahema yale wangelala njaa. Baadhi yao leo ni wazazi, na huenda watoto wao ndio hao wanaobeba ndoo.

* * *

Wanafunzi wale walipewa pia nguo, magunia kadhaa. Walifanya jambo la busara zaidi kuliko mashirika mengi makubwa: waliziuza kwa wauzaji wa mitumba, wakatia pesa ndooni. Kutoka hapa hadi Beira kuna Tanzania nzima katikati, kisha mwendo mrefu tena ndani ya Msumbiji, na kila mpaka una ushuru na karatasi zake. Gunia la sweta likifika, msimu umeshapita na nauli imeshinda thamani yake. Pesa zikifika, zinanunua unga, sabuni na dawa ya kutibu maji pale pale, na mwenye duka wa kule, ambaye naye amepoteza bidhaa, anapata wateja.

Wako wanaoona kutoa pesa ni ubaridi, kwamba blanketi ina upendo zaidi. Nawaelewa. Lakini aliyepoteza nyumba anajua mwenyewe anachohitaji kwanza.

* * *

Kuhusu kuwapa watu wa mbali, kuna tukio la hapa Bonde la Ufa ambalo lingefaa kufundishwa katika kila shule. Kimeli Naiyomah, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa New York siku ya tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi kwao Enoosaen, upande wa Trans Mara, aliwasimulia wazee alichokiona. Mwezi Juni 2002 jamii ile ikakabidhi ng'ombe 14 kwa mwakilishi wa ubalozi wa Marekani. Ng'ombe hawakusafirishwa, hakukuwa na njia ya maana ya kuwafikisha New York. Walibaki Enoosaen wakitunzwa, wakazaana. Mwaka 2006 ubalozi ukatangaza kuwasomesha watoto 14 wa pale.

Mimi ninachokipenda zaidi ni kile kikao cha kwanza. Mwanafunzi mmoja aliketi mbele ya wazee akasimulia msiba wa watu wasiowajua, nao wakasikiliza hadi mwisho. Mmaasai hatoi ng'ombe kwa huruma ya kupita njia. Kwake, huwezi kumpa mtu kitu kikubwa kuliko ng'ombe.

* * *

Kuhusu hesabu ya pesa za ndoo, lazima niseme wazi, kwa sababu wananchi wametiwa uchungu na harambee nyingi. Mwaka 2011, ukame ulipoitafuna Turkana, mchango wa Kenya for Kenya uliwekewa lengo la shilingi milioni 500 na ukalivuka. Wengi walituma kidogo kidogo kwa M-Pesa, na jumla ilikuwa ikitangazwa kadiri ilivyopanda. Shule inaweza kufanya hivyo kwa kiasi chake. Ndoo ifunguliwe mbele ya mwalimu na mzazi, noti zihesabiwe kwa sauti, risiti ya Msalaba Mwekundu ibandikwe ubaoni. Aliyetoa shilingi kumi ana haki ya kuona zimekwenda wapi, sawa na aliyetoa elfu kumi.

* * *

Kwa walimu wa jiografia: tafadhalini, mchango huu usipite bila somo. Msumbiji iko mwisho wa mito mikubwa inayoanzia nchi nyingine, Zambezi na Limpopo miongoni mwayo, hivyo mvua ya Zimbabwe au Afrika Kusini huteremka kwao. Mwaka 2000 Limpopo ilifurika hadi mama mmoja akajifungua juu ya mti. Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira na kuua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mwezi uliofuata kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado na kisiwa cha Ibo, ambako watu huzungumza Kimwani, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili. Waonyesheni wanafunzi Ibo kwenye ramani, halafu wafuate pwani kwa kidole kuelekea kaskazini: Mtwara, Kilwa, Zanzibar, Mombasa.