Obokote haionekani: kamera ndogo ya mkono wa pili ingesaidia waandishi wa Maniema

Ukisoma kwenye mtandao habari inayotoka Obokote, angalia vizuri picha iliyowekwa juu yake. Mara nyingi utaona wakubwa wamesimama mbele ya utepe, ao gari ya shirika fulani, ao mji mwingine kabisa wenye maneno madogo chini: picha ya mfano. Mwalimu anayedai mshahara wake hayupo. Mama aliyejifungua usiku kwa mwangaza wa tochi hayupo. Sekta nzima ya teritware ya Lubutu inajulikana kwa picha za watu waliopita siku moja na kurudi kwao.

Sababu ninaijua, sawa na kila mwandishi wa Kindu. Kamera ni ya anayealika. Mkubwa anasafiri na mpiga picha wake, shirika linasafiri na wake, sisi tunapewa nafasi ndani ya gari, bahasha ya transpo, na jioni picha kumi zilizochaguliwa tayari. Tunaandika maneno yetu chini ya macho ya mtu mwingine. Hata picha za wakimbizi wa Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, za mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997, zile ambazo dunia iliziona, zilipigwa na wageni. Watu waliokuwa wakaaji wa pale wakati ule wana hadithi nyingi, lakini picha hawana.

Wenzangu wananijibu kwamba siku hizi kila mtu ana telefoni, hivyo shida imekwisha. Sikubaliani nao. Kwa wiki tatu nimefanya kazi na kamera ndogo ya kubadilisha lenzi, Sony A6000, niliyonunua Kindu mkononi mwa mwenzangu kwa dola 350, na lenzi yake na betri mbili. Nimeibeba kutoka Kindu, kuvuka mto hadi Alunguli, kisha pikipiki njia ya Punia, mpaka vijiji vya Obokote. Telefoni yangu ilikuwa mfukoni siku zote, na nimepiga nayo pia, ili nilinganishe.

Kamera yenyewe si mpya. Ilitoka mwaka 2014, na wakati ule iliuzwa Marekani karibu dola 800 pamoja na lenzi ndogo. Ina megapikseli 24, na pamoja na betri na kadi haifiki gramu 350 kabla ya kuweka lenzi. Ukiiona mezani utafikiri ni mchezo wa mtoto. Hiyo ni faida yake ya kwanza: mzee wa kijiji anaendelea kusema, watoto wanaangalia mara moja na kurudi kwenye mpira wao. Ukitoa kamera kubwa nyeusi yenye lenzi sawa bunduki, kila mtu anajinyoosha na kuacha kazi aliyokuwa akifanya.

Tofauti niliiona ndani ya darasa. Saa nane mchana, mvua inakuja, ukuta wa udongo, dirisha mbili ndogo, watoto wameketi juu ya miti. Telefoni ilitoa picha, ndiyo, lakini nyuso zilikuwa kama zimepakwa uji, na mtoto aliyesogeza mkono alionekana na mikono mitatu. Kamera ina sensa ambayo eneo lake linapita mara kumi na zaidi lile la telefoni za bei ndogo tunazonunua sisi. Mwanga kidogo unaoingia unaipata. Nilipata mtoto wa mstari wa nyuma, chaki mkononi mwa mwalimu, na hesabu iliyo ubaoni ikisomeka.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Lenzi inayokuja nayo, ile ya 16-50, haifai kwa kazi ya ndani. Ni ndogo, inakunjika vizuri, nje kwenye jua haina shida, lakini ukivuta karibu inafunguka mpaka 5.6 tu. Tundu la lenzi ni kama dirisha la nyumba: kadiri namba inavyokuwa ndogo, dirisha linakuwa kubwa. Lenzi inayofunguka 1.4 inaingiza mwanga mara 16 kuliko ile ya 5.6. Mwenzangu aliniazima Sigma ya milimita 30 inayofunguka 1.4, isiyovuta mbali wala karibu. Ukitaka karibu unatembea kwa miguu. Toka siku ile ya 16-50 ilikaa ndani ya mfuko. Kanisa la mabati saa kumi na mbili jioni, jiko la mama anayekaanga mawese, mgonjwa chini ya chandarua: vyote vilipigika bila flashi. Mwenye pesa ndogo anunue mwili wa kamera uliochakaa na lenzi nzuri, asifanye kinyume.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu weusi moja kwa moja. Ukimpiga mtu aliyesimama mlangoni, nyuma yake kuna jua, kamera inapima lile jua na uso wa mtu unageuka kivuli. Picha nyingi za vijiji vyetu ziko hivyo, watu wasio na macho. Juu ya A6000 kuna gurudumu mbili, na moja unaweza kuipa kazi ya kuongeza mwanga. Unaizungusha kidogo kwa kidole gumba, uso unarudi. Na chini ya bashi la buluu, kila mtu anatoka wa buluu mpaka uiambie kamera mwenyewe mwanga ni wa rangi gani. Telefoni za bei ndogo zinaamua peke yake.

Sasa kuhusu moto wa umeme, ambao ndio unaamua kila kitu kwetu. Betri, kwa kipimo cha kiwanda, ni picha kama 360. Kamera hii inajazwa kwa waya mdogo wa USB, ule wa telefoni za zamani, hivyo pawabanki ao paneli ndogo ya jua inatosha. Inachukua masaa matano, ni kweli, lakini usiku ni mrefu. Mwenye kufanya zaidi video anaweza kupenda Canon EOS M50 ya 2018, maana ina tundu la mikro, ambalo A6000 haina, na kioo kinachogeuka kukuangalia. Betri yake lakini inataka chaja ya ukutani, na ukuta wenye umeme Obokote utautafuta sana. Mimi sauti nilichukua kwa telefoni, kazi ambayo telefoni inaifanya vizuri.

Ubaya haukosi. Haijakingwa na maji. Mvua ya Maniema haiombi ruhusa, hivyo sashe ya plastiki na kitambaa ni sehemu ya vyombo vya kazi. Ukitoa lenzi, sensa inabaki wazi kabisa, bila kifuniko. Kubadilisha lenzi juu ya pikipiki, katikati ya vumbi jekundu, ni kuomba madoa kwenye kila picha ya mbingu. Na tuko karibu na ikweta: lenzi ikikaa mwezi mzima ndani ya mfuko uliofungwa, ukungu unaota juu ya kioo kama juu ya mkate. Watu wanashauri kuizika ndani ya mchele. Mchele hatukosi Maniema, lakini una unga, na unga unaingia kwenye gurudumu. Afadhali kuitumia kila siku na kuianika kidogo kwenye hewa.

Kutuma picha kulinishangaza. Kamera ina Wi-Fi yake, isiyohitaji intaneti. Inaongea na telefoni kupitia programu ya Sony, na inaweza kutoa nakala ndogo ya megapikseli mbili. Nakala hiyo inapita hata kwenye rezo dhaifu, wakati ile kubwa inabaki kwenye kadi.

Hiyo iliyobaki kwenye kadi ina uzito kuliko tunavyofikiri. Mwezi wa tatu 2025, M23 walipoingia Walikale-centre, Lubutu ilikuwa inayofuata kwenye barabara ya taifa namba 3 ya kwenda Kisangani. Kwenye makundi ya WhatsApp zilipita picha za watu wakikimbia na vijiji vikiungua, bila jina la fasi wala tarehe. Familia ziliuliza Kindu: ni kwetu? Sisi tulikuwa na sauti za simu tu za kujibu. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapoteza maelezo yake ya ndani, tarehe na saa. Ile ya asili kwenye kadi inayahifadhi, ikiwa saa ya kamera iliwekwa sawa. Mwandishi mmoja aliyeko pale, na picha ya soko la asubuhi ile ile, angetuliza watu zaidi ya matangazo kumi ya serikali. Ao angewaambia waondoke.

Najua hofu iliyopo, na si ya bure. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuna sheria mpya ya uhuru wa habari na kodi ya dijitali, na hiyo kodi inaadhibu habari za uongo mtandaoni. Kwenye bariere, kamera inavuta maswali ambayo telefoni haivuti. Bariere moja njiani nilikaa karibu saa nzima nikionyesha picha moja moja kwa mtu aliyetaka kujua kama nimepiga daraja. Kuificha ndani ya koti si dawa; wakiikuta, umekuwa mpelelezi. Odre ya misioni mkononi, salamu kwa shefu wa sekta kabla ya picha ya kwanza, na kamera shingoni mbele ya macho ya wote. Na mwanamke aliyetendewa mabaya, ao mtoto aliyetoka kwenye makundi ya silaha, hapigwi uso hata akikubali. Lenzi inayofunguka sana inasaidia hapa pia: unaweka ukali kwenye mikono, uso unayeyuka nyuma.

Dola 350 kwa mwandishi wa redio ya jimbo, ambaye miezi mingine halipwi kabisa, ni pesa nyingi, na juu yake kuna ya lenzi. Siwezi kumwambia mtu auze kinga yake. Ninachosema ni kwa wakurugenzi wetu: redio tatu ao nne zikichanga, zinapata kamera, lenzi moja ya kufunguka, betri tatu na paneli. Pesa kama hiyo tunaitumia kwa kalenda za mwisho wa mwaka zenye uso wa mkurugenzi.

Na kamera hiyo ikae Lubutu, kwa mwandishi wa kule, si ndani ya kabati Kindu. Daraja la miti likivunjika Obokote, mpaka sisi tuvuke mto, tupate pikipiki na tufike, vijana watakuwa wamekata miti mingine na kuweka, na tutapiga picha ya daraja zima.