Waacheni watafute kabla ya kuwauliza faida

Nafundisha fizikia sekondari, na kila nikinyunyiza unga wa chuma juu ya sumaku, mwanafunzi fulani huuliza: "Mwalimu, itatusaidia nini?" Kwa mtoto ni swali zuri. Kwa mpanga bajeti linaua utafiti.

Chukueni kampaundi ya manganizi na silikoni. Ikipozwa hadi nyuzi 244 hivi chini ya sifuri, sumaku ndogo za atomu zake hujipanga kwa kujizungusha hatua kwa hatua. Mwaka 2009 watafiti wa Munich, Ujerumani, waliipitishia nyutroni ikiwa ndani ya uga wa sumaku, wakakuta vizingo vya usumaku vimejipanga kama sega la nyuki, kimoja na kingine vikiachana kwa takriban nanomita 18. Huitwa skirmioni, kwa jina la Mwingereza Tony Skyrme, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akiwazia kiini cha atomu, si sumaku kabisa! Kampaundi hiyo ikichongwa iwe nyembamba sana, vizingo hivyo hustahimili joto na uga kwa mapana zaidi. Tena umeme hafifu huvisogeza, na hapo ndipo wahandisi wakaanza kuwaza kuhifadhi data.

Skyrme angedaiwa faida kwanza, angejibu nini? Vyuo vikuu vyetu vitenge fungu la maswali ya namna hii, mwaka huu wa fedha.