Ulinzi wa Nyumba Uanzie Dikoni

Mwizi wa majumbani ni adui wa jasho la watu. Mkulima aliyetoka alfajiri kwenda kuchuma karafuu, au mvuvi aliyekesha baharini, akirudi na kukuta komeo limevunjwa, hasara yake si mali peke yake. Huondokewa pia na utulivu wa moyo unaomwezesha kutoka tena kesho kwenda kazini.

Kwa wananchi wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho karibu na bandari ya Mkoani, Pemba, jambo hili lina uzito wa pekee. Msaada unaoitwa kutoka Mkoani hauji kwa miguu wala kwa gari. Ni lazima chombo kipatikane, na bahari nayo iwe imekubali. Muda huo wote, mwenye nyumba hana mlinzi ila jirani yake.

Hata hivyo, bahari hiyo hiyo ni ngome. Mwizi wa mjini ana vichochoro vingi vya kupotelea. Mwizi wa kisiwani, akitaka kuuza alichoiba mbali na macho ya wenyewe, hana budi ashuke pwani na kupanda chombo. Ndiyo maana ulinzi wa nyumba za Makoongwe hauwezi kuishia kwenye kufuli. Hauna budi uanzie dikoni, mahali ambapo watu na mizigo huonekana, na ambapo mashua inayopakiwa gizani haina budi iulizwe inakwenda wapi na imebeba nini.

Msimu wa karafuu ndio wakati wa hatari kubwa zaidi. Watu wazima huwa mashambani, na karafuu huanikwa juani siku kadhaa. Kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja tu iliyokauka. Anayebeba gunia moja kavu, basi, amebeba kazi ya siku nyingi ya kuchuma, kuchambua na kuanua. Mvuvi naye ana mashine ya boti na nyavu, vitu ambavyo huenda amevikopea. Vikiibwa, deni hubaki na chombo cha kulilipia kimekwenda.

Tahadhari za kila siku hazigharimu fedha nyingi. Karafuu zisilale nje bila mtu. Mashine ya boti iingizwe ndani, na namba yake iandikwe na kuhifadhiwa, ili ikipatikana mwenyewe aweze kuithibitisha. Mwenye kusafiri amwarifu jirani anayemwamini, wala asiitangaze safari yake barazani. Madirisha na milango ya uani itazamwe kama unavyotazamwa mlango wa mbele.

Lakini wizi hauishi kwa makufuli ikiwa mnunuzi yupo. Anayenunua mashine kwa nusu ya bei bila kuuliza ilikotoka ni mshirika wa mwizi, hata kama hajavunja mlango wa mtu. Wananchi wanaomficha mnunuzi kwa sababu ni jamaa au mfadhili wao hawana haki ya kushangaa zamu yao inapofika.

Taifa lina uzoefu wa kutosha katika ulinzi wa wananchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima na wafugaji wa Shinyanga na Tabora, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu. Kijiji kilichoamka kikawa kikwazo kikubwa kwa wezi. Ila palikuwa na upande wa pili: wako waliopigwa bila kusikilizwa, na wako waliosingiziwa uchawi. Mwaka 1989 Bunge lilitunga sheria ya kuyatambua makundi hayo, na mwaka 2006 Jeshi la Polisi likaanzisha mpango wa polisi jamii. Fundisho la miaka hiyo ni kwamba nguvu ya wananchi inafaa ikiwa inatembea pamoja na sheria.

Hapa pana jambo la kusisitizwa. Mshukiwa akikamatwa, akabidhiwe kwa sheha na polisi akiwa mzima. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inamlinda kila mtu asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitika. Zaidi ya haki hiyo, kuna busara ya kawaida: mtu aliyeuawa na kundi la watu hawezi kumtaja aliyemtuma wala aliyekuwa akinunua mali. Hasira humwondoa mwizi mmoja na kuuacha mtandao ukiwa salama. Na katika kisiwa ambacho karibu kila mtu ni jamaa wa mwenzake, damu iliyomwagika kwa makosa haisahauliki kwa vizazi.

Vivyo hivyo kwa wageni. Ni wajibu wa mwenyeji kumjulisha sheha kwamba amepokea mgeni, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1998 ilimpa sheha kazi ya kutunza kumbukumbu za wanaoingia katika eneo lake. Lakini kumwandika mgeni si kumshuku. Wavuvi wa Pemba wenyewe huenda dago hadi pwani ya Kenya, wakalala katika vijiji vya watu. Wanavyotaka kupokewa huko, ndivyo wawapokee wenzao. Isitoshe, mwizi aijuaye saa ya mtu kutoka nyumbani mara nyingi si wa mbali. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi basi iko wazi. Sheha, wazee na vijana wa Makoongwe wapange zamu za doria, hasa katika usiku wa msimu wa mavuno, na majina ya walio zamu yajulikane kwa wote na kwa polisi. Fedha za doria, zikichangwa, zitolewe hesabu hadharani. Polisi nao wapokee taarifa kwa haraka na kuilinda siri ya aliyeitoa, kwani mwananchi aliyesalitiwa mara moja hatasema tena.

Nyumba ya mnyonge ina haki ya usalama sawa na ghala la tajiri. Haki hiyo itapatikana siku ambayo kila jirani ataona kwamba mlango uliovunjwa upande wa pili ni mlango wake.