Jirani Wanaozungukiana

Kiluvya ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, lakini imekaa kando ya Barabara ya Morogoro, pua na mdomo na mji wa Kibaha. Mkazi wake mwenye shauri makao makuu ya wilaya, Kisarawe mjini, mara nyingi huanza kwa kuelekea Dar es Salaam: hushuka Mbezi, huunganisha gari hadi Gongo la Mboto, kisha hupanda jingine la kupitia Pugu. Ametoka Mkoa wa Pwani, akakatisha mkoa wa watu, ndipo akaingia tena Pwani!

Wa Kisarawe mjini naye humfika yayo hayo akiwa na haja kwa Mkuu wa Mkoa au akipewa rufaa ya Hospitali ya Tumbi, kwani vyote viko Kibaha. Mgonjwa azungushwe jiji zima?

Chanzo si cha jana. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, haja yao ilikuwa bandari. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mzenga, ndani ya Kisarawe, nayo ikielekea Dar. Mama mwenye matenga ya mihogo ya kupeleka wilaya ya pili hakuwamo katika ramani hizo. Hata treni ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, ina stesheni Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, na Soga, upande wa Kibaha. Ila stesheni bila daladala ya kumpokea abiria humwachia mwenye bodaboda kupanga bei apendavyo.

Basi halmashauri za pande zote mbili na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wakae pamoja. Njia za kuunganisha pande hizo bila kupita Dar zipo: barabara ya Kiluvya–Mpuyani, na ya Mlandizi kwenda Mzenga. Zichongwe kabla ya masika, na madaraja madogo yaangaliwe. Mwenye daladala asilaumiwe kwa kukimbilia lami: springi zikikatika, halmashauri haimnunulii nyingine. Apunguziwe ada ya leseni mwaka wa kwanza, aanze na gari mbili tu, za asubuhi na jioni, kwa saa zinazojulikana.

Abiria nao wana wajibu. Wasiikumbuke gari hiyo siku ya mvua tu, siku ya jua wakapanda pikipiki. Ikirudi tupu wiki ya kwanza, wiki ya pili mwenyewe ataipeleka Mbezi.